Niliuziwa nyumba kiangazi, masika yakanionyesha nilichonunua: uzi wa kukagua nyumba kabla ya kununua au kuuza

Mkazi wa Salasala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimemkabidhi mtu funguo za nyumba niliyoishi miaka kadhaa, na kabla sijasahau yaliyonipata humo nimeona niyaandike. Najua kuna mtu humu wiki hii anatembezwa na dalali. Anaonyeshwa sebule yenye dari ya jipsamu na taa za rangi, na moyoni ameshaanza kupanga makochi. Uzi huu ni wake.

Niliinunua Agosti 2019, upande wa Salasala, Dar es Salaam, kwa milioni 92. Vyumba vitatu, kimoja masta, uzio, geti, rangi mpya nje na ndani. Rangi hiyo ilitakiwa inishtue, lakini kwa wakati ule ilinifurahisha. Nilienda kuiona mara mbili, zote mchana, zote jua kali. Fundi aliyenihakikishia kwamba nyumba iko vizuri aliletwa na dalali. Alipita vyumbani, akagonga ukuta mmoja, akasema, "Hii alijenga mtu aliyekuwa anajijengea mwenyewe." Nikalipa.

Masika yaliyofuata, wiki ya kwanza tu, rangi ya chini kwenye ukuta wa nyuma ikavimba kama malengelenge. Wiki ya pili chemba ya majitaka ikafurika, maji ya choo yakarudi bafuni. Mwezi Mei jipsamu ya chumba cha watoto ikashuka yote usiku. Mwanangu alikuwa amelala kwa bibi yake siku ile. Nikikumbuka kitanda chake kilivyofunikwa asubuhi ile, mpaka leo mwili unanisisimka.

Kwa miaka miwili nilitumia karibu milioni 14 kutengeneza, na nyingi zilipotea kwa sababu nilikuwa natibu dalili. Mwaka jana nilipoamua kuuza, nikamtafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mtu ambaye hanijui wala hamjui dalali yeyote, nikamlipa anikagulie nyumba yangu mwenyewe. Siku hiyo ndiyo nilielewa nilichonunua mwaka 2019.

Hakuingia ndani. Alizunguka nje kwanza, kama dakika arobaini, macho chini. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema anatafuta njia ya maji. Kiwanja kimeinamia nyuma, na aliyejenga uzio hakuacha matundu ya kupitishia maji. Mvua ikinyesha, maji ya kiwanja kizima pamoja na ya paa yanakwenda kusimama kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Mimi nilikuwa nimeshapaka ukuta ule rangi mara tatu, kumbe ugonjwa uko kwenye uzio.

Kisha akaniwekea kidole kwenye weupe kama unga uliotoka juu kidogo ya sakafu. Ile ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha. Maana yake nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa kwenye msingi, au ilitobolewa wakati wa kumwaga jamvi la zege la sakafu. Akanambia ukikuta nyumba ya zamani imepakwa rangi mpya kuanzia chini hadi usawa wa kiuno tu, huku juu rangi ikiwa ya zamani, uliza. Akagonga lipu kwa sarafu pembeni pale: inalia kama debe tupu. Imeshaachana na tofali.

Nyufa ndizo alikaa nazo muda mrefu zaidi, na hapa naomba msome taratibu. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa ovyo juu ya lipu, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka, hauui nyumba. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari, hapo chunguza linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya dirisha: huenda ni fupi, huenda haina nondo za kutosha. Ufa unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, mpana juu na mwembamba chini, unasema upande mmoja wa msingi unatitia. Na ule unaoingiza sarafu, ukiuona ndani na ukatoka nje ukaukuta mahali palepale, huo si wa fundi rangi tena. Alichora mstari wa penseli kwenye ncha za kila ufa, akaandika tarehe, akarudi baada ya wiki sita. Mmoja ulikuwa umevuka mstari. Ulikuwa nyuma ya kabati, umezibwa kwa puti na kupakwa rangi, na miaka yote hiyo sikuwahi kuuona.

Halafu akapanda darini. Wakuu, ukikagua nyumba bila mtu kupanda darini hujakagua. Paa letu ni la kuficha, lile ambalo ukuta umepandishwa ukazunguka bati lisionekane kwa chini. Zinapendeza sana, kila mtaa sasa unazo. Lakini maji yote ya paa yanakwenda kwenye mfereji uliobanwa kati ya bati na ukuta, na wetu ulikuwa na tundu moja tu la kutolea, limezibwa na majani ya mwembe wa jirani. Mfereji ukijaa, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Ndiyo yaliyoshusha jipsamu. Tundu la pili na bomba lake vingegharimu chini ya laki tatu.

Humo darini alichokonoa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi kuona kama zimeoza, akafuata vinjia vya udongo vya mchwa, akasoma geji iliyochapwa upande wa ndani wa bati. Wengi hatujui kwamba namba ikipanda bati linapungua unene: geji 32 ni nyembamba kuliko 28.

Umeme aliuacha kwa mwenzake mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Yule alikuta waya wa eathi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umekatika kabla ya kufika kwenye fimbo yake. Tumeoga na hita ya umeme miaka yote hiyo. Kwenye maji walifunga mabomba yote na kutazama mita. Ikizunguka wakati hakuna anayetumia, kuna bomba linavuja chini. Kisha wakafungua yote kwa pamoja, wakavuta maji vyoo vyote kwa wakati mmoja, na chemba ziko wazi, wakaangalia maji yanapita kwa kasi gani.

Kazi nzima ilichukua siku moja na safari ya kurudi. Nililipa 450,000, nikapewa ripoti ya kurasa 19 yenye picha. Kwenye ununuzi wa milioni 92 sikufikiria kutenga hata kiasi hicho, lakini fremu za mapazia nilizipigia hesabu kabla ya kulipa.

Ninachotaka kusema ni kimoja: anayekukagulia nyumba asiwe na shilingi hata moja inayotegemea nyumba hiyo iuzwe. Asiwe fundi wa dalali, wala ndugu wa muuzaji, wala fundi wako mwenyewe anayetarajia kupewa kazi ya ukarabati.

Karibuni.

Dalali wa Mbezi

Mkuu, nimesoma yote na sikukasirika, ila naomba nisemee upande wetu. Mnunuzi akija na mhandisi, muuzaji ananigeukia mimi: "Umeniletea watu wa kunichimbia nyumba?" Nimepoteza biashara mbili kwa sababu hiyo. Wengine wanaona kukaguliwa ni kutukanwa. Na ukweli mwingine ni kwamba dalali haishi kwa kukagua, anaishi kwa nyumba kuuzwa, na wapo wanaoweka cha juu kwenye bei, ambacho mwenye nyumba hakijui. Mtu wa hivyo hawezi kufurahia ripoti.

Siku hizi mwenye nyumba akinipa kazi namwambia atengeneze vitu vidogo kabla sijaleta mteja, na asipake rangi mahali penye unyevu. Mteja akigundua rangi imeficha kitu, hata yaliyo mazuri hayaamini tena.

Mkazi wa Salasala

Kaka, nakushukuru, na sina ugomvi na kazi yako. Aliyeniuzia mimi alikuwa na haki ya kumleta dalali. Kosa langu ni kumpokea fundi kutoka mkono uleule.

Wakili Ilala

Niongeze la kisheria, maana watu hudhani wakidanganywa watarudishiwa tu hela.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kutenguliwa na aliyedanganywa. Sawa. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango wa kutokea: pale ambapo muuzaji alinyamaza tu, na wewe ulikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, unaweza kuambiwa ungeangalia. Ufa uliokuwa wazi ukutani na hukuuliza, utapata taabu nao mahakamani. Ufa uliozibwa kwa puti ili usiuone ni habari nyingine. Kwa hiyo uliza kwa maandishi, hata kwa meseji: nyumba imewahi kuingia maji? Shimo la choo linanyonywa mara ngapi? Majibu yake yahifadhi.

Kwenye mkataba weka kwamba malipo yanategemea ukaguzi, na kwamba kiasi fulani kinabaki mpaka matengenezo yaliyokubaliwa yafanyike. Hakuna kinachokataza.

Na msisahau kwamba kuna ukaguzi wa karatasi. Upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili uone jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Ridhaa ya mwenza: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kodi ya pango la ardhi isiwe na malimbikizo. Mpima ardhi aje akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, maana kuna uzio umesimama kwenye kiwanja cha jirani. Kama kuna mto au bahari karibu, Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Mama wa Kimara

Wakili asante kwa kutaja hayo. Nyumba ya shemeji yangu haikuwa na ufa hata mmoja. Msingi wa mawe, nondo za kutosha, paa la bati nzuri, mhandisi yeyote angeisifu. Mwaka 2017 ikabomolewa pamoja na nyingine nyingi kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, kwa sababu ilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro. Alikuwa ameinunua kwa mtu, na huyo mtu alijua.

Nawaomba, kabla hamjaangalia lipu, ulizeni wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, hifadhi ya barabara inaishia wapi. Mkikuta ukuta wa barabarani umepakwa rangi sehemu moja tu, kipande cha mraba, ulizeni kilichofutwa pale ni nini. Sisi tuliozichungulia asubuhi zile X zinazochorwa kwenye nyumba za kubomolewa tunajua.

Mhandisi mstaafu

Mwanzisha uzi amepata mhandisi makini. Naongeza moja kwa wanaonunua ghorofa, au nyumba ya chini iliyoongezewa ghorofa baadaye.

Hiyo ya pili naiogopa kuliko zote. Msingi ulipangwa kubeba paa la bati, baadaye mwenye nyumba akapata hela akamwaga slabu juu. Usinunue bila kuona kibali cha ujenzi na michoro yenye muhuri wa mhandisi, na uhesabu nguzo zilizopo kama zinalingana na za kwenye karatasi. Ipo nyundo ya kupimia ugumu wa zege bila kulivunja. Haimalizi maswali yote lakini inaonyesha wapi pa kuchimba zaidi. Wengi humu tunaikumbuka Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi na watu 36 wakafa, na Kariakoo Novemba 16, 2024. Mimi nilikuwa mtu mzima kazini mwaka ule wa 2013, na tangu siku hiyo sijawahi kutia saini kazi ambayo sijaikanyaga kwa miguu yangu.

Mpwani wa Mtwapa

Salamu kutoka Kenya. Kwetu pwani adui ni hewa ya bahari. Chumvi huingia ndani ya zege mpaka kwenye nondo, nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Ukienda kutazama fleti karibu na ufuo, usitazame bahari kwanza. Simama chini ya roshani uangalie juu: ukiona michirizi ya rangi ya kutu, au zege limebanduka na nondo zinaonekana, jua gharama iko njiani, na kwa fleti gharama hiyo mtagawana wote. Muulize msimamizi wa jengo kama kuna akiba ya matengenezo.

Nyumba za kale za Mji wa Kale, Mombasa, ni hadithi nyingine: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Ukizipiga lipu ya saruji unaufungia unyevu ndani ya ukuta, na vichwa vya boriti huoza humo ukutani. Mtafute fundi wa chokaa akukagulie. Wa saruji atakuharibia.

Mbongo Columbus

Niko Ohio, nimenunua nyumba huku miaka minne iliyopita. Huku ukaguzi una nafasi yake ndani ya mkataba: unatoa ofa, ikikubaliwa unapata siku chache za kukagua, na ukikuta tatizo kubwa unaweza kuomba litengenezwe, bei ipungue, au ujitoe na kurudishiwa amana yako. Mkaguzi analipwa na mnunuzi. Wangu alitumia saa tatu, na nilitembea naye muda wote. Ningewashauri wote mfanye hivyo, ripoti haitoshi. Nililipa pia mtu wa kuingiza kamera kwenye bomba la maji machafu hadi barabarani. Alikuta mizizi ya mti imeingia ndani.

Kuna vitu huko nyumbani hamna haja navyo. Huku wanapima gesi ya radoni inayotoka ardhini, na ikifika pikokuri 4 kwa lita unashauriwa kuweka mfumo wa kuitoa. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, muuzaji analazimika kusema anachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi.

Lakini msidhani huku watu wote wana akili. Mwaka 2021 nyumba ziligombaniwa mpaka watu wakawa wanaacha haki yao ya kukagua ili ofa zao zipendwe. Jirani yangu Mkongo alifanya hivyo, na majira ya baridi yaliyofuata tanuri la kupasha nyumba joto likafa.

Fundi wa mtaa

Kwa ambao laki nne na nusu haipo. Nenda mvua ikinyesha, au kesho yake asubuhi. Kama ni kiangazi, tafuta alama ya tope kwenye uzio na kwenye miguu ya geti. Kaa kwa mama anayeuza vitumbua pale kona, nunua, umuulize maji hufika wapi masika. Hatakuficha. Muulize na jirani wa nyuma, siyo wa mbele, maana majitaka hukimbilia nyuma. Panda darini mwenyewe na tochi ya simu wakati wa mchana, izime kidogo: ukiona nyota, bati limetoboka. Ukishaona hayo na bado unaipenda nyumba, basi kakope hiyo laki nne na nusu.

Mkazi wa Salasala

Fundi, hilo la kuzima tochi nimelipenda sana.

Mmoja kaniuliza PM kwa nini nilijikagulia nyumba yangu wakati nauza. Nilitengeneza yaliyokuwa makubwa: matundu ya uzio, tundu la pili la mfereji, eathi, na ule ufa uliovuka mstari, ambao msingi wake ulichimbwa na kuongezewa zege upande mmoja. Unyevu wa ukuta wa nyuma sikuweza kuumaliza wote, umepungua tu. Ripoti nikaipiga kopi, ya kabla na ya baada, na kila mteja nilimpa kabla hajaketi.

Mteja wa kwanza aliisoma akaondoka, hakurudi. Dalali aliniambia nimejimaliza. Wa pili alipunguza milioni 3 kwa ajili ya ule ukuta, nikakubali. Wa tatu hakuwepo, maana huyo wa pili ndiye aliyenunua. Mkewe aliuliza chumba cha watoto ni kipi, nikampeleka, nikamwambia jipsamu ilishuka usiku gani na imerekebishwaje. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba kuona mfereji. Tulipanda wote wawili.

Dada wa Goba

Nimefuatilia uzi huu tangu jana, leo nimeenda. Nyumba milioni 70, Goba, muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho na hela, nitoe milioni 5 ya kushikia. Nimeangalia: kona ya nyuma kuna ufa wa ngazi, sarafu ya mia mbili inaingia. Nikatoka nje nikaukuta pia. Nilipouliza kibali cha ujenzi nikaambiwa kiko kijijini kwa baba.

Mkazi wa Salasala

Dada, usitoe hiyo milioni 5. Mwambie muuzaji utalipia mhandisi wewe mwenyewe wiki hii, na hela ya kushikia itafuata baada ya ripoti na baada ya kibali kuonekana kwa macho. Akikataa kukaguliwa, umeshajibiwa. Huyo wa kesho mwache aje. Mhandisi wangu nakutumia namba PM sasa hivi, na ukirudi pale chora penseli kwenye ncha za ule ufa uandike tarehe.